Mama Sekretere na Programu Isiyo ya Bure

Kumkasirisha Mama Sekretere hakukuhitaji tusi. Ilitosha uingie kibandani kwake asubuhi, ukae kwenye kiti cha mteja, useme kwa nia njema kabisa: "Mama, nasikia programu yako ni ya bure." Mlio wa kuchapa ulikatika hapo hapo. Miwani ilishuka mpaka ncha ya pua. Halafu likaja swali ambalo mtaa mzima uliliigiza, hata watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta:

"Bure ya nani?"

Neno hilo lilimtesa, na sikumlaumu. Ulichopewa bila kulipa ni bure. Ulichohangaikia usikipate ni bure vile vile. Aliyesoma miaka sita akaanguka mtihani wa taifa amesoma bure. Kwa hiyo ukisema mwanamke huyu anachapa barua kwa programu ya bure, anayekusikia anaelewa kwamba barua zake ni kazi bure, anavuka barabara kwenda kwa mshindani.

"Haiko ya bure, iko ya huru," alisema Mama Sekretere, tayari amemgeukia mteja mzima mzima. "Ya bure ndio mutu anakupatia kuku kwa sababu iko na ugonjwa. Ya huru, anakupatia kuku, anakupatia mayai, anakuonyesha namna ya kujenga nyumba ya kuku. Na anakuambia: ukiona kasoro, tengeneza, na we upatie jirani. Unasikia tofauti?"

Mteja alikuwa amekuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Aliondoka na barua, pamoja na somo la kuku ambalo hakuliomba.

Nilimjua kwa sababu mbili. Kwanza, viwanja vyetu vilipakana, katika mtaa ule wa Kolwezi ulioegemea ukingo wa shimo kubwa la mgodi, ambako mlipuko wa saa saba mchana ulitikisa vikombe kabatini na hakuna aliyeinua kichwa. Pili, nilifundisha jiografia katika shule ya sekondari, na yeye ndiye aliyechapa mitihani yangu yote. Jina lake lilikuwepo kwenye kitambulisho chake. Sisi tulisema Mama Sekretere, kwa sababu alikuwa amewachapia wakurugenzi watano mfululizo katika kampuni ya zamani ya mgodi, na kampuni ilipoanguka alitoka na ujuzi wake, na kiti chake cha ofisini chenye magurudumu ambacho hakuna aliyethubutu kumwuliza alikipataje.

Kibandani mwake, stepla ilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kalamu ilifungwa kwa kamba. Mkasi ulikuwa na kamba yake. Mwanamke aliyempa mtu yeyote programu nzima ya kompyuta, akiongeza na nakala ya ziada kwa shemeji yake, hakukuazima kalamu uondoke nayo hatua mbili. Nilimwuliza siku moja jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja kichwani mwake.

"Tata mwalimu," alinijibu, "nikikupatia programu, mi nabakia na programu. Nikikupatia stepla, mi nabakia na nini?"

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kusikia jambo hilo likielezwa vizuri zaidi.

Hakuchapa uongo. Hilo lilimpunguzia wateja zaidi kuliko programu yake. Kijana mmoja alimletea maelezo yake ya kuomba kazi kwenye mgodi, ameandika kwamba anazungumza Kiingereza kama maji. Mama Sekretere akamgeukia, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha ofisini jina lake nani. Kijana akajibu kwa uhakika mkubwa: "Yes." Mstari ule ukafutwa mbele ya macho yake. Mwanamume mwingine alikuja na barua ya kumrudisha mke aliyekimbilia kwao Sandoa. Barua ilianza na neno "Nakuamuru."

"Toa hii 'nakuamuru,'" akasema.

"Mama, we andika tu. Mi niko bwana yake."

"Ungekuwa bwana yake, asingekuwa Sandoa. Tunaweka 'Nakuomba.' Na hapa chini tunaweka ile kitu ulifanya."

"Sikufanya kitu!"

"Bon. Tunaacha nafasi. Ukikumbuka, utarudi."

Alirudi siku ya tatu, amekumbuka. Mke naye alirudi, baada ya mwezi. Tangu hapo wanaume wa mtaa wakawa wanaogopa kibanda kile kidogo, lakini waliendelea kwenda.

Nisimfanye mtakatifu. Huyu mama wa kutochapa uongo alikuwa na waya mweusi uliotoka nyuma ya kibanda chake, ukapita juu ya ukuta, ukajificha kwenye majani ya mpapai wangu, ukaingia kwenye mita yangu. Niliugundua nikiwa natafuta kuku. Nilipomwambia, hakushtuka hata kidogo.

"Courant inatoka wapi, tata mwalimu?"

"Inatoka kwangu, mama."

"Kwako inatoka wapi?"

"Kwenye bwawa."

"Na maji ya bwawa, ni nani aliyanyesha?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na hoja ya mvua. Waya ulibaki. Jioni ya siku ile aliniletea bakuli la sombe, majani ya muhogo, lenye samaki, bila neno lolote, na mimi nililila bila neno lolote.

Hakuzaliwa na programu huru. Mwanzoni alikuwa na ile ya kununua. Yaani ile wanayonunua wenzetu wa mbali, ambayo sisi tuliipata kwa njia za uchochoroni. Aliyemwekea alikuwa mwenye duka la intaneti ng'ambo ya barabara, ambaye wote tulimwita Patron. Patron alikuwa mtu wa shati jeupe na saa kubwa. Kwenye kibao cha duka lake aliandika: HAPA NI YA KWELI. Kila kitu dukani humo kilikuwa cha kuiba, isipokuwa kibao.

Jumamosi moja asubuhi, mashangazi watatu wa bibi arusi wameketi kibandani wakingoja ratiba ya arusi, kioo cha kompyuta kikageuka cheusi. Yakatokea maneno ya Kiingereza. Mama Sekretere alichukua kamusi, akayasoma moja moja. Nakala hii si halali. Tafadhali nunua leseni. Alinisimulia baadaye kwamba alivuta kitenge akajifunika mabega, kama mtu aliyekutwa bafuni, akafunga mlango akiamini polisi wako njiani. Ratiba za arusi aliziandika kwa mkono, nakala sitini, mashangazi wakimpepea.

Jumapili alikwenda kuungama. Padri akamwuliza ameiba nini.

"Sijuwe, tata padri. Iko mu machine."

Padri, baada ya kukohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida, alimtuma kwa bradha mmoja wa misheni aliyefundisha ufundi na kutengeneza kompyuta za shule. Bradha alimpa diski. Akamweleza kwamba programu zilizomo zimeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wakakubaliana kwamba yeyote anaweza kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoundwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Hakuna mwenye mlango wa kuufunga Jumamosi asubuhi. Mama Sekretere alimwuliza mara tatu: "Na polisi?" Mara ya tatu bradha alimwandikia cheti kwa mkono, akagonga mhuri wa shule. Cheti hicho kilitundikwa ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Mambo hayakuwa laini, na yeye mwenyewe hakuficha. Printa yake ilikataa kuelewana na programu mpya. Akasali novena, sala ya siku tisa. Siku ya tisa ikatoa karatasi, safi kabisa. Bradha alisema ni kwa sababu alipita siku ya nane akabadilisha kitu ndani. Mama Sekretere alisema kila mtu ana namna yake ya kuhesabu.

Na ratiba nyingine ya arusi ilikaribia kuleta ugomvi wa koo mbili. Alikuwa ameichapa vizuri, lakini familia ilitaka rangi, wakalipeleka faili kwa Patron. Kwenye programu ya Patron jedwali likateleza. Safu ya vyakula ikashuka mistari miwili, na mbele ya wageni mia tatu ikasomeka kwamba baada ya kuku wa kuchoma atafuata Monsieur l'abbé, yaani padri, kisha bukari, ugali wetu. Padri mwenyewe alicheka mpaka akaketi. Patron alitembea na karatasi ile mfukoni miezi miwili, akiwaonyesha watu. "Mmeona? Ya bure inapika mapadri."

Mama Sekretere alivuka barabara, akaingia dukani kwa adui, akaweka diski mezani. "Kamata. Uweke mu machine yako. Hivi tutafungua faili moja na kuona kitu moja."

Patron aliitundika diski kwenye kioo cha pikipiki yake, kwa kuwa iling'aa.

Halafu ukaja mwaka wa habari ya shimo.

Kampuni iliyokuwa ikichimba shimo letu iliomba kulipanua, na mitaa yetu minne ilikuwa juu ya shaba. Tungehamishwa. Kila kaya ingepewa kiwanja na fidia kulingana na ilichokuwa nacho: vyumba, ukuta, kisima, miti ya matunda. Tukaunda kamati. Wanakamati wakapita nyumba kwa nyumba na madaftari, wakaandika kila kitu. Likabaki swali la nani achape orodha na kuitunza kwenye kompyuta.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule yangu. Patron alisimama na saa yake, akasema programu yake ni ile ile ya kampuni, faili litafunguka huko bila taabu. Watu wakapiga makofi. Mama Sekretere akanyoosha mkono.

"Faili yenu mutaiweka mu nyumba ya mutu mwingine, na ufunguo iko kwake," alisema. "Siku akifunga?"

"Mama, hii si arusi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Utatuandikia mkuu wa komini kati ya kuku!"

Wakacheka wote. Nilicheka na mimi, nakiri. Patron akachaguliwa.

Alitoka mkutanoni amenyooka kama rula. Lakini kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, akamwomba madaftari kwa wiki mbili, na mwenyekiti, ambaye alikuwa amechapiwa barua tisa za kuomba kazi pale kibandani, hakuwa na ujasiri wa kumnyima. Akachapa orodha yote upya kwa programu yake. Kisha akaenda kuihakiki, nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo alipochukiwa kweli. Mzee mmoja wa kwaya alikuwa ameandikisha miti kumi ya parachichi.

"Mi naona mbili," alisema Mama Sekretere, amesimama katikati ya ua.

"Zingine zilikufa."

"Pole. Siandike zenye zilikufa."

"Mama, kampuni haitajua!"

"Ikijua moja ya kwako, itasema zote ni uongo, na ya mujane pale pembeni pia. Mbili. Na hii moja inazaa?"

Mzee akainama kuokota jani.

"Mbili, moja haizai," akaandika.

Mambo ya fidia yakalala, kama yanavyolala. Mwaka ukapita na nusu yake. Mchwa wakaingia kwenye sanduku la mwenyekiti wakala madaftari yote, wakaacha majalada. Hatukuhangaika sana; orodha ilikuwa kwa Patron. Ya Mama Sekretere hakuna aliyeikumbuka, na yeye, aliyechekwa mbele za watu, hakukumbusha mtu.

Siku ya kampuni kupokea orodha ilipofika tulijaa ukumbi wa komini tangu asubuhi. Mbele walikaa bourgmestre, mkuu wa komini yetu, na mjumbe wa kampuni, kijana mpole mwenye viatu vizito visivyo na vumbi, aliyekuwa amefika Kolwezi wiki ile pamoja na mwandishi wake. Patron akaingia na kompyuta mpya ya mkononi, akaiweka mezani, akabonyeza. Akabonyeza tena. Tuliokuwa karibu tuliona kioo kikiwa cheusi na maneno ya Kiingereza. Muda wa nakala hii umekwisha. Tafadhali nunua leseni.

"Ni mtandao tu," alisema Patron. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye saa.

Mjumbe wa kampuni alikuwa muungwana. Akachukua faili kwenye flashi, akajaribu kwenye mashine yake mwenyewe. Lilifunguka, lakini programu ya Patron haikuwa ile ile ya kampuni kama alivyotuambia: ukurasa baada ya ukurasa wa vijisanduku na alama za kuuliza. Wazee walisogea kuangalia majina yao yako wapi kati ya alama za kuuliza.

"Si tatizo," mjumbe akasema kwa Kifaransa safi. "Sisi tuna orodha yetu. Tulipiga picha kutoka juu."

Kila mtu alielewa. Kutoka juu bati ni bati; vyumba vinne na chumba kimoja vinafanana. Kisima chenye mfuniko hakionekani. Mjane aliyejenga nyuma ya nyumba ya shemeji yake hayupo kabisa duniani.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilikimbia, mtu mzima mwenye tai, kutoka komini mpaka kibandani. Alikuwa anachapa tangazo la msiba. Hakuinua macho.

"Mama, orodha yako, unayo?"

"Niko nayo."

"Inafunguka?"

"Juu ya nini isifunguke?"

"Twende, mama. Tafadhali. Wanatumia picha ya juu."

Akamaliza mstari wa marehemu. Akaweka nukta. Akanigeukia.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nilikuwa nahema kama mbuzi wa Krismasi. "Haiko ya bure," nikasema.

"Iko ya nini?"

"Ya huru, mama! Iko ya huru!"

"Kamata kioo," akasema.

Kompyuta yake ilikuwa ile ya zamani ya vipande viwili. Kioo nilikibeba mimi, kimefungwa kwa kitenge. Sanduku la mashine aliliweka ndani ya beseni, beseni kichwani, na hivyo tukapita katikati ya barabara, yeye mbele bila kushika, mimi nyuma na waya shingoni. Watu waliokuwa sokoni waliacha biashara wakatufuata. Alipoingia ukumbini aliteremsha beseni, akamsalimia bourgmestre kwa heshima zote, akauliza habari za mama wa nyumbani, kisha akauliza umeme uko wapi.

Mashine iliamka polepole, kama mgonjwa wa malaria. Dakika nzima ilikuwa inakoroma tu. Mzee wa kwaya alifanya ishara ya msalaba. Halafu orodha ikatokea: mitaa, namba, majina yetu, herufi kwa herufi.

Mjumbe aliinama, akatikisa kichwa. "Madame, aina hii ya faili kwetu haifunguki."

"Nilijua," akasema Mama Sekretere, akachomoa flashi kifuani. "Humu kuna liste, na programu yenyewe, na kitabu ya kujifunza. Kamata. Hakuna mutu atakuomba leseni."

"Haturuhusiwi kuweka programu kwenye mashine za kampuni."

"Bon," akasema, akavuta kiti. "Basi nitasoma kwa kinywa, na muandishi wako aandike."

Akasoma. Alisoma mtaa wa kwanza, wa pili, nyumba baada ya nyumba, kwa sauti ya sekretere aliyewasomea wakurugenzi watano. Mjane wa nyuma ya nyumba: chumba kimoja, kisima chenye mfuniko, mipapai mitatu. Ukumbi ukajibu "Ndiyo" kama kanisani. Saa saba mlipuko wa mgodi ukatikisa madirisha, na mtu pekee aliyeruka kwenye kiti alikuwa mjumbe wa kampuni. Alipofika kwa mzee wa kwaya na parachichi yake isiyozaa, mzee aliangalia dari.

Kisha akafika kwenye kiwanja chake mwenyewe. Hakupunguza sauti wala kuongeza.

"Nyumba ya vyumba viwili. Kibanda moja. Choo moja, mulango inaanguka. Kisima hapana. Miti hapana. Courant: ya tata mwalimu, bila ruhusa."

Ukumbi ulipasuka. Bourgmestre aligonga meza akicheka. Mimi nilisimama, sijui kwa nini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi, nikasema, "Ruhusa ilikuwepo, mama," naye akanijibu bila kugeuka: "Haikuandikwa."

Mjumbe peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama. Akamwambia mwandishi wake aweke kalamu chini, kisha akamwuliza bourgmestre kama kuna printa jengoni. "Mtu anayejiandikia hivi," alisema, "sina sababu ya kuihakiki orodha yake." Jioni ile kila ukurasa ulitolewa, akatia sahihi, bourgmestre akatia sahihi, na mhuri ukapigwa.

Hatukuushinda mgodi. Mgodi haushindwi na faili. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata tulihamishwa, mitaa yote minne, na pale palipokuwa kibanda sasa pana hewa tupu na magari ya manjano yanayozunguka kuteremka. Lakini kila mtu aliondoka na alichokuwa nacho kweli, hata mjane, ambaye alijengewa chumba chake na kisima chenye mfuniko. Siku za kufunga mizigo Patron alikuja kibandani, bila saa, akaomba diski nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwaruzika kwenye pikipiki. Mama Sekretere alimpa mbili. Kwenye duka lake jipya, upande wa pili wa mji, Patron aliandika: HAPA NI YA KWELI NA YA HURU. Mama alipoonyeshwa alisema H ya pili imepinda.

Yeye alikwenda kukaa Tenke, kwa binti yake anayefanya kazi stesheni. Tuliagana kwa haraka, katikati ya magodoro, na miaka ikapita bila mimi kufika huko.

Mwaka jana shule ilinituma Tenke kusimamia mitihani. Nilimkuta barazani. Alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa yanatazama pembeni yangu. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeyachukua, la kushoto kwanza, kisha la pili. Nilisema "Hodi, mama," akanitambua kabla sijamaliza.

"Tata mwalimu. Kaa. Usigonge waya."

Mbele yake palikuwa na kompyuta ya mkononi, kuukuu, na vidole vyake vilikuwa vinatembea juu yake kwa kasi ile ile. Mashine ikasema neno kwa sauti ya kiume, kavu, ya puani.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Ndio macho yangu. Mi naandika, ye anasoma. Lakini Kiswahili anasoma sawa na padri muzungu wiki ya kwanza." Akashusha sauti. "Tata mwalimu, J yote anaifanya ya Kifaransa. Nilimupatia sala ya asubuhi. Akasema: Kwa zina ya Baba."

Nilijaribu kujizuia. Sikuweza. Tulicheka wote wawili mpaka binti yake akachungulia dirishani. Padri wa Tenke, alisema, alimshauri asali kwa kichwa tu.

Binti alikuwa amemnunulia simu nzuri, ya gharama, yenye sauti ya kike laini kama asali. Lakini Kiswahili chetu haikukijua, na haikuwa na mahali pa kuifundisha. "Niliitumia barua. Nikaieleza kosa yake, kwa heshima. Ikanijibu: asante kwa maoni yako. Kila siku asante kwa maoni yako. Nikairudishia mutoto." Hii nyingine, ya watu wa huru, ilikuwa na faili la matamshi ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua. Akalifungua. Miezi minne alikaa na herufi J. Kisha akawaandikia wenye programu, huko waliko, kwa Kifaransa cha wakurugenzi watano, akawatumia marekebisho yake. Mtu mmoja akamjibu kutoka nchi ambayo hakuikumbuka, akamwuliza maswali mawili, na wiki iliyofuata akamwambia kwamba marekebisho yamepokelewa na yatakuwa ndani ya nakala zote zitakazotoka.

"Zote," alisema. "Kila kipofu, popote eko. Sikiliza."

Akachapa. Mashine ikasema, kavu, ya puani, lakini wazi: *Jina.*

"Tena," nikamwambia.

*Jina. Jina. Jina.* Mwanamke aliyepita na ndoo akasimama kusikiliza, kisha akaendelea.

Nilikaa mpaka treni ya mizigo ilipopita na kikao chetu cha usimamizi kikawa kinaningoja. Nilimwuliza kama anahitaji kitu chochote kutoka Kolwezi. Akafikiri, akasema kule hana alichoacha. Nikaaga. Nilikuwa nimefika kwenye lango niliposikia vidole vyake vikianza tena nyuma yangu, na ile sauti ya puani ikijaribu neno jipya.

*Ni-umba.*

"Hapana," alisema Mama Sekretere. "Nyumba. Rudia."